Kisima cha Majaribio

Tasnifu yangu ina kurasa mia na arobaini na mbili,
jalada jeusi, herufi za dhahabu mgongoni.
Mama ameiweka kabatini, kati ya vikombe vya wageni
na Biblia ya Chigogo.
Kila Jumamosi anaipangusa vumbi.
Hajawahi kuuliza floraidi ni nini. Aliuliza mara moja tu:
"Loyce, hilo buku linalipa lini?"

Usaili wa kwanza, Chimwaga.
Nafasi mbili; sisi mia nane na ushei.
Viatu viling'aa alfajiri, saa nne vyote vilikuwa vyekundu,
maana upepo wa Dodoma hausomi vyeti.
Mbele yangu kaka wa Singida, bahasha kaiuma kwa meno,
mikono inatafuta kitambulisho mifuko yote sita.
Nyuma yangu dada mjamzito, umahiri wa fizikia,
akanywa maji yangu yote, akaniomba radhi.

Usaili wa pili hawakuniita.
Wa tatu wakasema: una elimu kuzidi nafasi hii.
Wa nne wakasema: huna uzoefu.
Nilikaa Nane Nane kituoni, natoa moja kwa nyingine,
mimi niliyepata A ya takwimu,
na hesabu ikakataa.

Ndipo Ihumwa, kampuni ya visima,
mtambo mmoja, lori moja, na deni.
"Nataka karani anayejua kusoma," bosi alisema.
Nikasema najua kusoma.
Sikuongeza neno. Shahada niliiacha nyumbani
kama mwavuli mwezi wa nane.

Siku ya kumi na moja, kijiji fulani nyuma ya Chilonwa.
Mtambo unanguruma tangu kuche.
Mita sitini, vumbi jeupe.
Mita tisini, tope la kijivu, na bosi anatazama dizeli.
Mita mia na ishirini,
maji.

Vigelegele. Ndoo zikagombana.
Iddi wa Kondoa, fundi wa mtambo,
miaka ishirini na mitatu, shule aliiacha kidato cha pili,
akakinga kiganja, akaonja, akatema kando.
"Chumvi elfu moja na mia tisa. Ng'ombe watakunywa."
Nilicheka. Kisha nikafungua mkoba,
nikatoa kipimo cha chuo ambacho sikukirudisha
(mnisamehe, Idara ya Kemia),
nikakichovya.
Elfu moja, mia nane na tisini.

Tukaulizana kwa pamoja:
"Umejifunzia wapi?"

Lakini ulimi, hata wa Iddi, una mpaka.
Floraidi haina ladha.
Inaingia kimya, inakaa kimya,
miaka saba baadaye ndipo inasema, kwenye meno ya mtoto.
Na mtoto alikuwapo, ameshika jerikeni la njano,
anacheka maji yalivyomlowesha:
kahawia, kahawia, kahawia,
na kisima cha zamani kilikuwa hatua arobaini tu kutoka pale.

"Tuchukue sampuli, tusikabidhi," nikasema.
"Mteja ameshalipa," bosi akasema.
"Tusikabidhi."
"Karani, hiyo siyo kazi yako."

Labda. Sijui bado kazi yangu ni ipi.
Lakini kwenye stakabadhi, chini ya neno Maelezo,
ambapo siku zote naandika *mabomba sita, saruji mifuko minne*,
niliandika: *Watoto wasinywe mpaka yapimwe.*
Nikasaini jina lote, na zile herufi nyuma yake,
mara ya kwanza tangu joho,
kwa kalamu ya Iddi, iliyonuka girisi.

Usiku nikampigia Mama.
Nikamwambia pengine Jumatatu sina kazi.
Nikamwambia buku halijalipa,
ila leo limetumika.
Akanyamaza kidogo. Nilisikia upepo kwenye bati lake.
"Haya," akasema. "Ukija, njoo na madumu mawili.
Huku yamekatika tangu juzi."