Saba Yenye Kistari

Huku kwetu Leitrim hatuweki tiki.
Tunapanga: moja, mbili, tatu, mpaka moyo uchoke,
kwa penseli iliyofungwa kamba kama mbuzi.

Kazi yangu, miaka thelathini na mmoja sasa,
ni kusimama siku ya kuhesabu
nyuma ya kizuizi cha chuma, daftari kifuani,
karatasi zikikunjuliwa ng'ambo ya meza,
nami nikidokoa kwa macho: huyu wetu, huyu wao.
Chama hunilipa mkate wenye yai.
Ni chama cha baba, kilichokuwa cha babake;
kwetu hilo halikuamuliwa na mtu,
lilikuja pamoja na masikio.

Sanduku la Cloonagher nalijua kama mfuko wa koti langu.
Kura mia na arobaini na tatu.
Za akina Gilrane, kumi na moja, zetu tangu enzi za mikokoteni,
naziandika kabla hazijafunuliwa.

Ila kuna karatasi moja.

Kila uchaguzi inatoka, na wazimu wake.
Moja kwa mama anayetaka tuache kuchimba mboji ya kuchoma,
mbili kwa mkandarasi mwenye mashine ya kuichimba.
Mwaka ule wa posta: moja kwa aliyeifunga,
mbili kwa aliyelala mlangoni kuizuia,
tatu kwa kijana asiyejua posta ilikuwa wapi.
Na huko chini, akifika saba,
saba ina kistari kiunoni,
kama waandikavyo Wafaransa.

Nani Cloonagher aliwahi kukaa Ufaransa?
Attracta McGourty. Miaka tisa, hospitali ya Lyon,
akiosha vidonda vya watu asiowajua.
Basi nikamjua. Kura ni siri; nikameza.

Baa walikuwa wakicheka: kigeugeu huyo, bendera hufuata upepo!
Mimi na bia yangu, kimya.
Upepo gani huo uvumao kusini na kaskazini
kwa pumzi moja?

Nikawa namtazama. Kanisani, safu ya tatu.
Dukani, akitikisa mayai sikioni.
Moshi wa mboji ukitoka bombani kwake mchana kutwa,
yeye aliyeikataa mboji, nikidhani.
Nilimuuliza mara moja tu, kwa kuzunguka:
Attracta, mtu huchaguaje?

"Wakija kuomba kura," akasema, "siwasikilizi.
Namwangalia kila mmoja anavyofunga geti langu akitoka.
Ng'ombe hawasomi ilani."

Nikaenda nyumbani nikafungua madaftari yote.
Yule aliyefunga posta: mtu wa komeo, wa kurudi kuhakikisha.
Mkandarasi: mikono mizito lakini mwangalifu.
Mtu wetu, Mungu amrehemu, huacha hata mlango wa gari wazi.
Kila kitu kikakaa mahali pake kama meno.
Usiku ule nililala nimemwelewa binadamu.

Alikufa Februari, mvua ikipiga ubavuni.
Nilibeba jeneza, bega la kushoto.
Nikitoka makaburini nilifunga geti, kisha nikarudi
kulitikisa tena.

Mei, tukahesabu.
Cloonagher: mia na arobaini na mbili.
Nilikuwa na biskuti mdomoni.
Moja kwa mama wa mboji. Mbili kwa mkandarasi.
Nne kwa mtu wetu, ambaye hajawahi kupata kwake hata sita.
Saba.
Kistari kiunoni.

Nikainua macho. Bridie wa posta iliyokufa.
Mwalimu Cathal, akisafisha miwani.
Fintan Gilrane na wanawe, wakitazama dari
kama watu wanaokagua paa la jirani.
Hakuna uso uliokuwa wazi; kila mmoja
umefungwa vizuri, komeo ndani.

Miaka thelathini na mmoja nimemwelewa mtu mwingine.

"Akina Gilrane wangapi?" mwenzangu akauliza, kalamu tayari.
Kumi na moja, nikasema.
Kisha, kwa mara ya kwanza maishani,
nikazihesabu.
Kumi.
Sijui tangu lini.