Bili ya Wingu

Mwezi wa tatu bili ilitangulia mshahara.
Mhoja aliisoma kwa sauti, dola kwa dola,
kama mtu anayesoma majina ya wanaomdai.
Sisi tunaohesabu ndoo za dagaa pale Mwaloni
tunalipa kama watu wanaohesabu nyota.

Nikamwambia, tuhamie Arm.
Akauliza: si ndiyo ile ya kwenye simu?
Ndiyo. Hiyohiyo iliyo mfukoni mwako,
inayokwenda Ukerewe na kurudi kwa chaji moja.

Usiku ule Kirumba umeme ulikatika mara mbili.
Nilijenga programu upya, kipande kwa kipande.
Maktaba moja, ya kuchapa risiti, ikagoma:
imezeeka na prosesa ya zamani,
haijui hata kumwamkia mgeni.
Nikaibembeleza
mpaka jogoo wa Mama Nyanzobe akanicheka.

Alfajiri, karabai zikirudi kutoka ziwani,
ndoo ya kwanza ikapanda mizani: kilo kumi na nne na nusu.
Namba ikaenda winguni, ikarudi.
Hakuna aliyejua kitu.
Mpimaji alilalamikia kutu tu,
na mvua iliyokuwa inanukia upande wa Bwiru.

Bili iliyofuata ilipungua theluthi nzima.
Mhoja aliikazia macho, akaigeuza karatasi,
akatafuta nyuma, ambako hakukuwa na kitu.
Kuna kitu hawajahesabu hawa, akasema.

Kipo. Usiku ule.
Sikumwonyesha pa kuuandika.