Kolekole wa Elfu Arubaini

Gari letu halina milango wala vioo:
turubai juu, viti sita, na mimi Vuai
na kipaza sauti kinachokoroma.
Hapa, nasema, ni Matemwe. Kule wanaanika dagaa.
Mtu hapigwi picha mpaka aombwe.
Watoto wa chuoni wanatufuata ubavuni,
wanatuhesabu kwa sauti: mmoja, wawili,
mwenye kofia, mwenye pua iliyobabuka.

Tukasimama penye mnada.
Kolekole kalazwa mchangani, kaoshwa, anameta,
na dalali Mcha sauti imeshamkauka:
Thalathini na tano! Thalathini na nane!
Bi Mize muuza vya kukaanga kakunja uso,
kidole kimoja tu kakiinua, kama yumo kwenye tahiyatu.

Ndipo mwenye kofia
akampungia mtoto mkono.

Arubaini! Kwa bwana wa kofia!

Pwani nzima ikaangua kicheko.
Nikaeleza, nikaapa, nikamvuta Mcha kando.
Akasema, Vuai, mkono umeinuka.
Wewe si ndiye uliyekuja na gari lisilo na dirisha?

Mgeni akalipa, shingo imemwiva.
Samaki akapanda siti ya mbele, karibu yangu,
akichuruzika juu ya karatasi yangu ya vituo;
cha tano na cha sita sikuviona tena.

Nyuma yetu Bi Mize, kakalia ndoo yake tupu:
Vuai! Hotelini hawampiki huyo!
Mrudishe kabla ya magharibi, mafuta ninayo.
Nusu yake, nusu yangu,
wewe kichwa!

Nikapiga honi mara mbili.