Maji ya Saa Tisa

Maji ya Bonyokwa hayabishi hodi.
Huja saa tisa, saa kumi usiku,
mara mbili kwa wiki, wiki ikiwa na huruma,
na bomba hukohoa kwanza, kama mgonjwa
anayetaka kujua nani yuko macho.

Mimi huwa macho.
Nina tangi la lita elfu mbili juu ya mnara wa tofali,
nina mpira uliozibwa kwa kipande cha tyubu,
na nina daftari.
Mtaa mzima umo ndani ya daftari lile.

Alfajiri ile nilipanda ngazi kuchungulia kina.
Nikagonga ubavu wa tangi: yamevuka mkunjo wa tatu.
Nikainua uso kupumzisha shingo,
na upande wa mashariki, mbali, juu ya taa za Ubungo,
juu kidogo ya ule ukungu wa rangi ya chungwa
ambao jiji hili huuita giza,
palikuwa na mchirizi.

Kama mtu aliyechovya kidole kwenye unga
akafuta ukutani, akaenda zake.

Mama Ndeshi, chini, na madumu yake sita:
"Ndege ya Uturuki hiyo, leo imechelewa."
Lakini ndege huenda. Hii ilikaa.
Mwanawe Elirehema akatoka na darubini
aliyoazima kwa mlinzi wa ghala la saruji,
akatazama muda mrefu, mdomo wazi,
akasema nyotamkia, ndiyo ile,
mara ya mwisho ilipopita
hapakuwa na Kimara, hapakuwa na barabara ya kwenda popote,
miaka elfu themanini, mama, na ushei.

"Ushei wenyewe kiasi gani?" nikauliza.
Mimi mtu wa hesabu. Ushei ndio unaonila.

Hakujua.

Akanipa darubini. Mikono yangu ilikuwa imelowa,
ikateleza; nikaona kwanza antena, kisha popo,
kisha (tulia, nikajiambia, pumzi inatikisa)
kichwa chake: tone.
Tone la nuru lisilodondoka.
Na mkia umesimama wima,
maana jua, chini ya dunia bado, lilikuwa likiusukuma.
Elirehema anasema mkia haufuati nyuma.
Unalikimbia jua. Nyota ikiondoka, mkia hutangulia,
nayo huenda kinyumenyume
kama bwana harusi atokaye ukweni,
asiyethubutu kuwapa wakwe kisogo.

Akasema pia ni barafu. Barafu na vumbi,
bonge la kutoka hapa hadi Mbezi.
Hapo nikashusha darubini.
Barafu?
Maji, kwa hiyo.
Maji yote hayo yanapita juu ya Bonyokwa
na hakuna aliyekinga!

Mama Ndeshi akachekea kwenye kanga.
Kisha kicheko kikakatika chenyewe, sijui kwa nini,
tukabaki watatu, nyuso juu, miguu kwenye tope.
Nikamkumbuka marehemu Kibwana
aliyeujenga mnara huu tofali kwa tofali,
akaniambia rangi nitapaka mwakani.
Mwakani.
Neno dogo vile.

Haikuzama. Ilifutwa.
Adhana ilianza ikiwa bado ipo, ikaisha ikiwa haipo,
na katikati hapo sikuweza kusema: sasa.
Ndipo niliposikia mgongoni mwangu
mlio ambao miaka tisa sijausikia:
tangi limejaa, linafurika,
maji yanashuka ukutani, yanapita uani,
yanaifuata njia ya mtaro bila kulipa.

Asubuhi nikaandika kama kawaida.
Alhamisi. Yametoka saa tisa na nusu.
Mama Ndeshi, madumu sita, kalipa manne.
Yaliyomwagika: hayana idadi.
Mdaiwa:

Nikaweka kalamu hapo, nikafikiri.
Wino ukafanya nukta, nukta ikafanya mkia,
kwa kuwa kiganja changu kilikuwa bado kibichi.