Maelezo ya Msimamizi

Fomu ina kisanduku kimoja kikubwa,
na juu yake maandishi madogo kama sisimizi:
Andika ulichokiona tu.

Nimeandika: mtahiniwa alikuwa na hofu.
Nimefuta.
Hofu sikuiona. Niliona jasho,
na Februari hii, Ukumbi wa Pili,
pangaboi tatu zikizunguka kati ya nane,
nani hakulowa?
Shati langu mwenyewe linabanduka mgongoni kwa sauti.

Nimeandika: alikuwa akinakili.
Nimefuta.
Niliona kikaratasi sakafuni
kati ya dawati arobaini na saba na arobaini na nane,
karibu zaidi na arobaini na saba,
karibu zaidi na kiatu cha Leokadia Mbawala,
ambaye aliniona nikiinama, akarudisha macho kwenye kitabu chake.
Nikamwacha aendelee.
Kanuni iko wazi: mtihani ni wake hadi kengele.
Shaka ni yangu.

Mchana, juu ya sahani ya wali, Kokuteta akasema:
"Mpe sifuri kimyakimya. Makaratasi ya nini?"
Mkuu wa idara akapiga simu kutoka Kibaha:
"Wewe mtu mzima bwana. Muite, umkanye, muyamalize."
Huyu ananipa rungu, yule ananipa khanga ya kufunikia,
na wote wawili wananivika joho la hakimu
ambalo sijapimwa.

Kazi yangu ni kuona, kuandika, kutia sahihi,
kufunga bahasha, kuifikisha masijala kabla ya saa kumi.

Kielelezo: risiti ya LUKU.
Mbele: shilingi elfu mbili, Mbagala,
leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Uniti tano na ushee.
Nyuma: kanuni za mgawanyo wa gharama,
wino wa bluu, herufi zimelala kulia
kama watu waliochoka kusimama.
Mwandiko ni wa nani? Hilo ni la kamati.

Kisha mstari ambao kalamu ilikuwa ikiukwepa:
Kwa dakika nne hivi sikuutazama ukumbi.
Nilikuwa nasoma ujumbe wa fundi wa kisima, Goba.
Kikaratasi kilitoka wapi, sikuona.
Nimeutazama mstari huo.
Unanivua nguo mbele ya watu nitakaokutana nao Jumatatu kwenye kikao.
Huu sikuufuta.

Baada ya kengele nilimuita.
Mlango wazi, shahidi akiwa kando, mzee Sekiboko wa maabara.
Nilimsomea yote, pamoja na dakika zangu nne.
Nikamwambia: utaandika maelezo yako mwenyewe,
utakuja kwenye kamati na mtu wako ukitaka,
na sahihi hii haisemi umekubali,
inasema umesoma.
Akatia sahihi. Mkono haukutetemeka,
nami nimeandika haukutetemeka.

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aulizaye njia:
"Mwalimu, hizo namba za umeme,
naweza kuzinakili?
Nyumbani giza tangu jana. Simu ilizima kabla sijamtumia mama."

Mzee Sekiboko akakohoa, akatazama dirishani.
Nami nikajua alichokisema bila kukisema,
na yeye akajua kwamba nimejua,
na swali lake halikurudi mdomoni.

Kisanduku kinadai nilichokiona. Je, nilichokisikia?

Nilikishika kikaratasi kwa pembe, kwa ncha za vidole,
upande wa mbele ukimwelekea.
Akaandika kwenye kiganja, nne nne,
tarakimu ishirini,
midomo ikihesabu.

Saa kumi kasoro robo.
Nimeandika swali lake lote, neno kwa neno,
wenye kupima wapime.
Na chini kabisa, pale nilipofuta asubuhi,
pana nafasi ya sentensi moja ninayoweza kuilia kiapo:
Nilimwona mtahiniwa akinakili,
mbele yangu,
kwa ruhusa yangu.