Kama Mnavyoona

Jumapili saa tatu usiku tuko kumi na mmoja,
kila mtu ndani ya kisanduku chake kwenye kioo:
Mundhir yuko Sur, feni inampeperushia karatasi,
Dakta Shamsa amezima kamera, analaza mtoto,
nami Ibra, chumba cha juu, kahawa imeshapoa,
nawasilisha ripoti ya chuo kama kila muhula.

"Kama mnavyoona," nikasema, nikanyoosha kidole
(kwa nani? kidole hakipiti kwenye waya),
"kama mnavyoona, mchoro unajieleza."

"Haujielezi," akasema Thureya.
Hakupandisha sauti. Kafundisha takwimu miaka kumi na miwili,
namba anazihifadhi kama wengine wanavyohifadhi sura.
"Mashine yangu imesema: picha. Nikabonyeza tena.
Imesema: picha. Basi. Nisomee wewe."

Mashine yake naijua. Ina Kiarabu safi, Kiingereza cha mbio,
Kiswahili haina: salamu yangu ya asubuhi, shikamoo dada,
huitamka kama jina la dawa ya kikohozi,
naye hucheka, akaandika marahaba.
Fomu ya likizo ilimchukua siku mbili.
Kitufe bila jina, kitufe bila jina,
mtaa mzima, aliniambia, unapiga hodi
na hakuna hata mmoja anayekuitikia.

Nikasafisha koo. "Kuna mistari miwili."
"Ya nini?"
"Wanafunzi. Wa kike buluu, wa kiume..."
"Rangi nawaachia nyinyi. Mistari inafanya nini?"
"Wa kike unashuka."
"Wapi?"
Nikasogea, miwani ikagonga kioo.
"Mwezi wa tatu. Ghafla."
"Kutoka ngapi mpaka ngapi?"

Na hapo, mbele ya wenzangu kumi,
nikausoma mchoro niliouchora kwa mkono wangu,
mwaka wa nne huu nauonyesha:
mia mbili na sita.
Mia moja arobaini na mmoja.

Feni ya Mundhir peke yake ndiyo iliyosema.
Kisha Shamsa, kisanduku chake bado giza, kwa sauti ya chini
ya mtu mwenye mtoto begani:
"Mkataba wa basi la wadini huisha mwezi wa pili."

Tumeona. Miaka minne tumeona,
sote wenye macho.

Saa sita nimerudi kwenye faili.
Nyuma ya picha kuna nafasi ndogo ya maneno
ambayo siku zote nimeiruka kama mlango wa stoo.
Naandika: Mstari wa buluu unashuka mwezi wa tatu.
Nafuta.
Naandika: Wasichana sitini na watano
hawakurudi darasani basi lilipoacha kuja.
Nahifadhi. Natuma. Nazima taa.

Simu inatetemeka juu ya meza.
"Imesoma," anasema Thureya.
"Bado vitufe."