Kasoro

Bwana Furtado, mshona suti wa Ngara,
alikuwa na deni kwa baba: shilingi thelathini na mbili,
redio mbili na pasi ya umeme.
Ilikuwa Februari, sitini na nane. Mtaa mzima
ulikuwa ukifunga masanduku kwa kamba za katani,
ukikimbizana na sheria iliyokuwa inafungwa London
kama mlango wa duka Jumamosi mchana.
Akalipa kwa katoni ya santuri.
"Mpwa wangu alinitumia. Siendi nazo," alisema,
"huko ninakokwenda zimejaa."

Kibanda cha baba kilikuwa Grogan Road,
barabara yenye jina jipya sasa na oili ile ile.
Akapangusa sindano kwa kipande cha fulana,
akaweka ya kwanza.

Ikaanza vizuri. Ngoma, gitaa, kijana
mwenye sauti ya kuomba sukari kwa jirani.
Mara katikati sauti ikapinda,
ikazama kisimani, ikarudi na maji puani,
na matoazi yakaanza kuvuta pumzi
badala ya kuitoa.

"Mkanda umelegea," akasema baba.
Akazima, akafungua, akatia mkanda mpya.
Sauti ikapinda pale pale.
"Basi spika." Akang'oa spika ya mwalimu Kivuva,
ambaye angeijia redio yake Ijumaa.
Pale pale.
Akachomelea waya usiokuwa na kosa lolote,
moshi wa risasi ukamtoa machozi.
Pale pale.

Sikio la kufa halisikii dawa;
sikio la fundi halisikii wimbo,
lasikia tu mahali pa kutia bisibisi.

Harbans Singh, seremala wa kibanda cha pili,
alikuja na randa yake mkononi, akasikiliza,
kwa sababu sasa ilikuwa imeingia sitar.
Alitikisa kilemba. "Huyu hajui kupiga," alisema.
"Hajui kabisa. Lakini anacheka vizuri."
Akasimama hadi mwisho, vumbi la mbao likimdondoka.

Jioni mama aliyejua Kiingereza cha misheni
alikaa mlangoni akimenya mbaazi.
"Anasema nini?"
"Anasema konokono anafundisha kinanda."
"Kinanda."
"Wanafunzi wote wameshazeeka."
"Na huyu wa sasa?"
"Mwavuli umeolewa na mvua. Mahari ni vijiko."
"Syombua, usinitanie."
"Sikutanii. Sasa wanamtafuta Jumanne,
kuna mtu amemfungia kwenye chupa ya maziwa."
Mbaazi zikagonga sufuria. Baba akainamisha kichwa
kama mtu anayesomewa barua ya mahakama.

Siku ya nne ndipo akaelewa.
Sijui nani alimwambia; labda hakuna.
Aliweka kidole juu ya santuri, kidogo tu,
sauti ikanywea vile vile ilivyokuwa ikinywea yenyewe,
akaondoa kidole, ikainuka.
"Wamefanya makusudi," alisema.
Akaketi juu ya betri ya lori.
"Watu wazima. Na mashine nzima, nzuri.
Makusudi!"
Nilidhani amekasirika. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mwalimu Kivuva alikuja Ijumaa, akakuta redio haina spika
na fundi wake akigeuza santuri kinyume kwa kidole,
nywele zimejaa vumbi la mbao za Harbans,
akingoja kusikia konokono akirudi nyumbani.

Katoni imekaa Kawangware juu ya kabati
chini ya bati, kiangazi baada ya kiangazi.
Ile ya kwanza imejikunja ukingo
kama chapati iliyosahauliwa motoni.
Juzi niliiweka. Sindano ilipanda, ikashuka,
sauti ikazama, ikarudi, ikazama tena
mahali ambapo zamani haikuzama.
Nilishika bisibisi ya baba, nikaiweka chini.
Ipo kasoro waliyoilipia pesa
na ipo iliyoletwa na jua letu bure.
Sikuzitenganisha.
Nilikaa juu ya ndoo nikasikiliza yote mawili,
na kijana yule bado anaomba sukari.